Waya wa Taa Kwenye Gari la Ngazi

Wakulima wa Kigwena walimwambia yule mama maneno mafupi: wao wanauza ngazi, hawauzi nguvu za kusukuma magari. Ngazi ni yale matunda mekundu ya mchikichi yanayokamuliwa mawese. Mama huyo alikuwa akiyanunua shambani kwao na kuyapeleka kwenye mashine za kukamulia, hapa Rumonge. Shida ni kwamba kila alipozima pikapu yake ili wampakilie, haikuwaka tena, na wao ndio waliolazimika kuisukuma ikiwa imejaa. Mara ya mwisho walimpa onyo. Jambo hilo likirudia, ngazi zao zitakwenda kwa mnunuzi mwingine.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu. Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi hii nilijifunza Tanzania, miaka ile tuliyoishi kambini kama wakimbizi, na niliporudi nikafungua karakana kando ya barabara inayoshuka mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakoegeshwa.

"Amahoro, fundi. Nimekuletea mgonjwa," alisema, kisha akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Na daktari wake wa kwanza ndiye huyu."

"Mama watoto, usinichekeshee watu," mumewe akajibu.

Mume ni mvuvi, mtu wa upande wa Uvira. Alinieleza mambo yalivyokuwa. Injini ya zamani ilipokufa, waliweka nyingine kubwa zaidi iliyotoka kwenye gari lililopata ajali, na chujio la hewa la injini hiyo likachukua nafasi ya betri. Ndipo yeye mwenyewe akaihamishia betri nyuma ya kiti cha dereva. Nilichungulia. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao, akalifunga kwa boliti nne na mkanda wa chuma juu. Betri haikutikisika hata kidogo, na nilimwambia wazi kwamba hapo alikuwa amefanya kazi nzuri.

Kisha nikaufuata waya hadi kwenye injini, nikaanza kutabasamu. Ulikuwa waya wa taa za ziwani. Pwani yetu hii yote tunaufahamu: nyekundu na nyeusi pamoja, unauzwa kwa mita pale mwaloni, na wavuvi huutumia kupeleka umeme wa betri kwenye taa zinazowavuta ndagala, wale dagaa wa ziwani. Yeye alikuwa amesokota nyaya nne pamoja ili zipate nguvu.

"Waya hii iko inawasha taa usiku kucha, na haijanisaliti hata siku moja," alisema. "Gari inawaka kwa sekunde tu. Inashindwa je?"

Napenda sana swali la namna hiyo, kwa sababu mtu anayeliuliza amefikiri. Nikamuuliza, "Kwenye mtumbwi, taa inahitaji watu wangapi kuishika?"

"Mmoja anatosha."

"Na wavu ukijaa?"

"Ah, hapo wote tunavuta. Hata mwenye usingizi."

"Basi taa inakunywa umeme kidogo kidogo, usiku mzima. Demareri, ile mota inayozungusha injini hadi iwake, inataka umeme mwingi sana kwa mara moja. Huo ni wavu. Wewe umemtuma mtu mmoja akauvute."

"Alituma wanne," mkewe akadakia. "Wanne wembamba!"

Tulicheka sote watatu. Kucheka hakutoshi kumfanya mtu aamini, kwa hiyo nilichukua kipimo changu. Kwenye betri tulisoma volti kumi na mbili na nusu. Nikahamisha kipimo kwenye demareri, nikamwomba mama ageuze ufunguo. Ikalia tak, na namba ikaanguka hadi saba.

"Zingine zimeenda wapi?" mume akauliza.

"Gusa waya wako."

Akagusa, akaondoa mkono haraka.

"Ziko humo," nikamwambia. "Badala ya kuzungusha injini, zinapasha waya joto."

Tukaenda sokoni, kwa muuzaji wa vipuri vilivyotolewa kwenye magari mabovu. Mume alikwenda moja kwa moja kwenye kebo nyeusi iliyokuwa nene kuliko zote. Nikakata ncha kidogo. Mpira ulikuwa mwingi na waya wa ndani kidogo, tena nilipoukwaruza kwa kisu, wekundu ulitoka pakabaki peupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba.

"Fundi, umekuja kununua ama kupasua?" muuzaji akaniuliza.

"Nikipasua vizuri, nitanunua."

Ya pili ilikuwa shaba kweli, lakini nyuzi zake zilikuwa chache na ngumu, za kufungia umeme wa nyumba. Nyumba haitetemeki, injini inatetemeka siku nzima, na nyuzi ngumu hukatika moja moja bila mtu kuona. Ya tatu ilitoka kwenye mashine ya kuchomelea vyuma. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, zote shaba, bila ukijani wa kutu. Mume akaizungusha shingoni kama kitambaa.

"Hii inajikunja kama kamba ya wavu," akasema, na hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Urefu tulikuwa tumeupima kwa uzi, tukifuata njia ambayo kebo ingepita. Hata hivyo alitaka tuongeze mita mbili za akiba. Nikamshauri aache, maana kila mita inayozidi inakula umeme, na kebo ikiwa ndefu zaidi inabidi iwe nene zaidi. Halafu nikamuuliza, "Na ya kurudia?"

Hakuwa ameifikiria. Umeme ukienda lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudi, ambayo mafundi huku tunaiita masi, inabeba mzigo uleule. Yeye alikuwa ameufunga waya mwembamba kwenye boliti iliyopakwa rangi. Tukanunua kipande kingine cha kebo ileile.

Karakanani tulikwangua rangi hadi chuma king'ae, tukafunga masi kwenye fremu, na kebo nyingine kutoka fremu hadi kwenye injini. Pale kebo ya betri inapopenya bati la gari niliweka mpira, ili bati lisiikate. Karibu kabisa na betri nikaweka fyuzi kubwa, kwa sababu kebo nene ikigusa chuma gari linaweza kuungua. Vichwa vya shaba vya kwenye ncha za kebo nilimwachia mume avibane mwenyewe. Cha kwanza nilikivuta kikachomoka. Cha pili nilikivuta kwa mikono miwili, kikagoma.

Mama akageuza ufunguo. Injini ikaitika papo hapo. Mume akapiga makofi, lakini mkewe hakuonyesha furaha.

"Asubuhi hata jana iliwaka," alisema. "Inanikatalia kule, ikishapata moto."

Alisema kweli. Hata waya mwembamba ukiwa baridi unaweza kuwasha gari ukamdanganya mtu. Nikafunga karakana, nikapanda nao hadi Kigwena.

Tulipofika shambani alizima gari kabla hata ya kusalimia. Wakulima wakasimama na mashazi ya ngazi mabegani.

"Mama, umezima?" mmoja akauliza.

"Nimezima."

"Haya, sisi tutapakia. Lakini miguu yetu leo ni migonjwa, tunakuambia mapema."

Wakapakia huku wakichekana. Gari likalala kwa uzito. Mume akaomba ufunguo, mama akamwambia huo ni wake. Akaketi, akavuta pumzi, akageuza. Likawaka. Mume alikuwa ameinama nyuma ya kiti, kiganja juu ya kebo.

"Iko baridi!" alipaza sauti. "Mama watoto, iko baridi!"

"Zima tena tuone," yule mkulima akasema. Mama akazima, akawasha. Sasa alikuwa akicheka kwa sauti, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Nikija tena nitakuta mmekata wapi?" akawauliza.

Mkulima akaonyesha michikichi upande wa ziwa. "Kule kote. Ila uwahi, mama, tusishinde tukikungojea."