Dagaa Kwenye Ungo: Swali la Daktari Lililonigombanisha na Bwana Afya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa mlango usoni. Nilikuwa karani wa chanjo, binti wa Ujiji, gauni nimelinyoosha kwa pasi ya mkaa, daftari kwapani. Kwenye nyumba ya kwanza ya mwambaoni nilisalimia kwa Kiha, "Mwakeye!" halafu nikauliza hapo hapo, "Mama, mko wangapi humu?" Yule mama akanitazama kama mchawi, akavuta mlango. Shule ilikuwa imenisahaulisha malezi. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo, ni kuwaitia balaa.

Mama yangu mkubwa alinicheka mpaka akashika ubavu. "We mtoto! Waombe dagaa!" Basi kuanzia siku hiyo nilitembea na ungo. Mama wa nyumba anaweka dagaa mmoja kwa kila mtu wake, mimi naandika, hakuna aliyetamka namba.

Daktari wetu alitoka ng'ambo, msemaji wa Kihispania. Kiswahili hakukijua, akanifundisha lugha yake kidogo kidogo ndani ya boti iliyotupeleka vijijini. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "¿Cuántas personas hay?" Yaani, watu wangapi wapo? Aliniuliza hivyo kila nyumba kabla ya kufungua sanduku la barafu lenye chanjo ya kipindupindu. Nikishajibu, haulizi tena. Aliniamini, na hilo lilinipa kiburi, sikatai.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Afya wa Wilaya. Yeye alikuwa na orodha ya kijiji cha ujamaa, iliyopigwa mhuri, na aliiheshimu kuliko watu wenyewe. Siku moja, kaskazini mwa mji, tukafika nyumba ya familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo. Kipindupindu kilikuwa tayari kimeingia kwa jirani yao. Orodha ilisema watu wanne. Mama wa nyumba akaweka dagaa tisa kwenye ungo, kwa mikono yenye makovu ya moto.

Bwana Afya akaninong'oneza, "Andika wanne. Hao wengine hawajaandikishwa kijijini."

"Mzee, wapo ndani. Nawaona."

"Nimesema wanne! Wewe ni karani, si mjumbe wa Mungu."

Watano wangebaki bila sindano, na watatu kati yao walikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Daktari akainua macho. "¿Cuántas personas hay?"

Nilimtazama Bwana Afya, kisha nikajibu kwa sauti ya juu, "Hay nueve." Wapo tisa. Daktari akafungua sanduku, akachanja tisa.

Ndani ya boti Bwana Afya alinifokea, "Umenivua nguo mbele ya mgeni!" Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Lakini tisa ni tisa." Wiki haikuisha, nikapata barua ya uhamisho kwenda Mwandiga, kwenye zahanati isiyo na hata kiti cha karani. Faili langu likaandikwa "mkaidi." Wenzangu walipanda vyeo, mimi nilistaafu karani vilevile. Niliumia, nisiwadanganye. Ila kujuta? Thubutu!

Siku ya kuniaga, ukumbi ulijaa wakubwa. Bwana Afya naye alikuja, mzee sasa, ameshika mkongojo. Katikati ya hotuba akaingia mwanamke mmoja, mvi tele, ungo kichwani. Nilimtambua kwa ile mikono. Alikuwa yule mama wa siku ile. Akautua ungo mbele yangu.

"Wale tisa," akasema, "na watoto wao, na wajukuu wao."

Dagaa walikuwa wamejaa mpaka ukingoni. Nikawahesabu kimoyomoyo, machozi yananitoka bila aibu.

Bwana Afya akanyoosha shingo. "Wangapi hao?"

"Wapo wote, mzee," nikamwambia. "Andika hivyo."