Nzi wa Mionzi na Kibuyu cha Samli

Msimu ule mafyulisi yetu ya Endagikot yaliozea mtini. Ukipasua tunda, funza. Ukichagua lililo zuri kuliko yote, funza tena. Mama mkwe wangu, aliyeipanda mifyulisi ile kwa mkono wake alipoolewa, aliwatukana nzi matusi ambayo mke wa mzee wa kanisa hatakiwi hata kuyajua.

Bwana shamba alipoitisha mkutano tulikwenda sote, mama mkwe, mume wangu na mimi. Akatuambia watafiti wataleta nzi wengine. Watu wakaguna: nzi juu ya nzi? Akacheka. Ni madume, alisema, wamepigwa mionzi kabla hawajaota mabawa. Wakiachiwa shambani watapanda majike ya huku, na mayai hayataanguliwa. Taratibu, nzi wataisha.

"Sasa si watakuwa wagonjwa hao?" mtu akauliza.

"Wazima kabisa. Wanakula, wanaruka. Ila hawazai."

Watu walicheka sana. Mimi nilitazama viatu vyangu. Daktari alikuwa ameniambia vilevile nilipomaliza matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi: umepona, mama, ila hutazaa. Mume wangu aliomba tusimwambie mama yake kwanza, na ile "kwanza" ikawa haina mwisho.

Mama mkwe alijua tu kwamba nimepona. Ndiye aliyenisindikiza kwenye ile hospitali ya mbali, akakaa kwenye benchi na chupa ya uji wakati mimi niko ndani, na neno mionzi alilisikia hadi likamchosha. Tangu turudi alikuwa akijaza samli kwenye kibuyu, ya uji wangu nitakapojifungua. Nilikichukia kibuyu kile. Nilitamani kianguke chenyewe.

Pale mkutanoni akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo mionzi ndiyo hii ya hospitali?"

"Ndiyo, mama!" Bwana shamba alifurahi kuona ameeleweka. "Ni mambo ya namna hiyo hiyo."

"Haya. Asante."

Akakaa. Hakugeuka kunitazama. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akakishusha kibuyu.

"Mama, hiyo si ya..." mume wangu akaanza.

"Nyamaza wewe."

Akakoroga uji mwepesi, akamimina samli mpaka ikaelea. Akaniletea bakuli kwa mikono miwili, kama anavyoletewa mzazi kitandani.

"Kunywa, mwanangu. Umeumia peke yako."

Nikanywa. Samli ilikuwa nyingi mno, ya mtu aliyepoteza damu, ya mtu mwenye mtoto kifuani. Nilitaka kuacha. Lakini yeye alikuwa amesimama mlangoni, analia bila kujifuta, akisubiri nimalize.