Juma la Madamu Furaha

Upepo wa ziwani ulipovuma kabla ya saa sita, madarasa ya shule yetu, mtaani Kilibula, yalijaa harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa mchangani, na vumbi la chaki likatuganda midomoni. Nilikuwa darasa la tano. Kaka yangu Amani alikuwa la sita, chumba cha jirani. Ilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka wa shule, na watu wa vijiji vya Mutarule na Katogota walikuwa wakiingia mjini na magodoro vichwani, wakikimbia mapigano ya bondeni.

Kila shule ya kwetu ina mwalimu wa juma, anayepiga kengele na kusimamia bendera asubuhi. Direkta wetu, yaani mwalimu mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliigeuza kazi hiyo kuwa kitu kingine. Jumatatu, mbele yetu sote, alimvisha mwalimu wa juma filimbi shingoni, akamkabidhi funguo zote, na tangu hapo hadi Jumamosi hakuamua jambo lolote. Mzazi aliyekuja kulalamika alijibiwa kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo mimi ni minye: "Minye siko direkta hii juma. Uliza mwalimu." Siku moja Direkta mwenyewe aliomba ruhusa ya kwenda matangani, mwalimu wa juma akamwambia alete kwanza barua ya mzazi wake, na walimu wakacheka hadi wakashika ukuta. Lakini haukuwa mchezo. Jumamosi aliketi na mwalimu huyo barazani na kumuuliza juu ya kila uamuzi: kwa nini, nani aliumia, ungefanyaje tena. Alisema hakusudii kuiacha shule mikononi mwa watu wanaosubiri kuambiwa.

Madamu Furaha, mwalimu wetu wa darasa la tano, alikuja akiwa mwoga, hata akawa anazungumza na ubao badala yetu. Katika juma lake la kwanza wazazi waligombana mlangoni, naye akamwomba Direkta msaada. Direkta aliendelea kumwagilia maua. Madamu akaenda mlangoni mwenyewe. Kufikia mwisho wa mwaka, wazazi walinyamaza akiingia tu.

Ilikuwa Alhamisi ya juma lake jingine watu wenye silaha walipoingia uwanjani. Madamu Furaha alitufungia kwa ufunguo, sisi na darasa la sita, akatoka; kupitia dirisha tuliwaona wakishusha masanduku ya risasi chini ya mlingoti wa bendera. Walikuwa wakipanda milimani, na walitaka wavulana wa darasa la sita wawabebee. Mkubwa wao aliuliza nani anaongoza pale. Direkta alitoka ofisini mbio, akasema ni yeye. Yule mtu alimtazama Madamu Furaha, filimbi shingoni na funguo mkononi, akatabasamu.

"Mzee, direkta gani hana ufunguo?"

Madamu Furaha angeweza kunyoosha kidole kumwelekea Direkta, na mambo yake yangeishia hapo. Alisema, kwa sauti ileile ya asubuhi kwenye bendera: "Mzee anasema kweli, lakini hii juma ni minye. Watoto nilipewa minye asubuhi. Nitawarudisha kwa wazazi wao saa sita. Sifungui."

"Basi utabeba weye."

Direkta aliinama kulishika sanduku yeye, bila kuambiwa na mtu, wakamsukuma, akaanguka. Madamu Furaha alivua filimbi, akampa pamoja na funguo mwalimu wa darasa la nne, si Direkta. "Juma imekuwa yako," akamwambia. "Usifungue mpaka tuvuke mto wa njia ya milimani." Kisha akakunja ncha ya kitenge chake, akaiweka kichwani, akatwishwa sanduku.

Amani alirudi nyumbani. Madamu Furaha hakurudi. Wanaume waliokamatwa barabarani na kubeba pamoja naye walileta habari zisizolingana, na mama alinikataza kuzisikiliza. Ndugu zake waliomboleza bila kaburi.

Direkta alifanya kazi miaka mingi baadaye. Hakumvisha mtu tena filimbi. Mwalimu aliyetaka hata kuhamisha dawati ilibidi amwombe. Hakuna aliyemlaumu usoni. Mama yake Furaha alimsalimu kila Jumapili kanisani, nami nilimwona Direkta akitafuta mlango mwingine wa kutokea. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata; ninayoyajua leo nimejisomea mwenyewe, polepole. Nimelipima jambo hili mara nyingi. Kilichomuua Madamu Furaha na kilichomwokoa kaka yangu ni kitu kimoja, na siwezi kukitenganisha.

Sasa niko kwenye komite ya wazazi ya shule ileile. Walimu huitwa kwenye semina za uongozi, katika ukumbi mzuri, na hurudi na vyeti. Siwacheki, kwani wananisimulia maswali wanayoulizwa huko, na mengine ni yale ya Direkta ya Jumamosi. Lakini shule imebaki jinsi hofu ya Direkta ilivyoiacha. Majuzi milio ya risasi ilisikika upande wa bondeni saa za masomo. Walimu walisimama uwanjani wakisubiri simu kutoka ofisi ya elimu, na mtandao ulikuwa umekatika. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Wazazi tukaingia tu. Nilimchukua mwanangu, nikamchukua na mtoto wa jirani aliyekuwa akilia, ambaye hata hakunijua vizuri, nikatoka nao nimewashika mikono. Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.