Tumbo Tuliloita Mimba

Sina uhakika kama nitaeleza vizuri, maana shule nilisoma kidogo tu kwa mapadri. Lakini mwanamke mwenzangu anayeshikwa na maumivu chini ya tumbo upande mmoja, akaambiwa avumilie, asome haya, au asomewe.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na nguvu. Tulilima mpunga Luberizi, mume wangu Bonifasi na mimi, mama yake akikaa karibu nasi. Ndoa ilikuwa bado changa tumbo likaanza kujaa upande wa kushoto. Damu ya mwezi ilikuja ovyo ovyo. Mama mkwe alifurahi mno. Akaninyang'anya jembe. "Mujukuu wangu iko anakaa upande," akawaambia majirani. Nami niliamini. Nani angekataa furaha ile?

Kisha, nikiwa nimeinama kwenye mfereji, nikasikia kama mtu amekamata nyama ya ndani na kuikamua kama nguo. Nikatapika. Mama mkwe akanipaka siagi ya ng'ombe, akanikanda polepole ili mtoto arudi katikati, kama wanavyofanya wakunga wa kwetu. Maumivu yakaisha. Yaliporudi akanikanda tena, yakaisha tena. Sisemi kukandwa ndiko kulikoniharibu. Munganga, daktari wa hospitali aliyenitibu baadaye, hakusema hivyo. Nasema tu kwamba nafuu ile ilitudanganya sote.

Mara ya mwisho hayakuisha. Nilitapika maji ya kijani, mwili ukawaka moto, tumbo likawa gumu. Bonifasi akaita wabebaji wa ingobyi, kitanda kile cha kusuka kilichonileta nikiwa bibi arusi. Siku ya arusi waliimba. Sasa walinyamaza mpaka barabarani, tukapanda lori la mpunga kwenda Uvira. Kila shimo nililia.

"Mama, unisamehe," dereva akasema, "haiko miye nilichimba hii barabara!"

Hospitalini munganga, Mzungu mwenye mvi, akanibonyeza tumbo.

"Hii haiko mimba. Iko uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Uzito wake umekizungusha, kimejisokota na mishipa yake, damu haipiti."

"Mayai?" Mama mkwe akamkazia macho. "Weye unaona huyu iko kuku?"

"Kila mwanamke iko nayo, mama. Tusipomupasua sasa, atakufa."

Mama mkwe akauliza, "Na mujukuu wangu?"

"Hakuwamo."

Nikavutishwa dawa ya usingizi. Nilipoamka, kifuko cha kushoto kilikuwa kimetolewa. Kilikuwa cheusi, kimeshakufa. Mama mkwe alikaa chini karibu na kitanda, analia. Sijui alinililia mimi au yule ambaye hakuwamo. Sikumuuliza. Mimi pia nilimlilia mtoto huyo.

"Mungekuja mapema, pengine ningekiokoa," munganga akasema. "Lakini upande mumoja unatosha kuzaa."

Pengine ni kweli, wako waliozaa. Mimi sijazaa bado, na kila mwezi damu ikija natafuta kazi ya mbali na watu.

Namshukuru Mungu, na Bonifasi, na munganga, na mama mkwe aliyenilisha uji kwa mkono wake. Sitaki mtu amlaumu.

Wewe, dada, ukikamatwa ghafla upande mmoja na kutapika, nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa njiani. Labda munganga atakuambia huna kitu, urudi nyumbani na aibu yako. Aibu hiyo mimi ningeipokea kwa mikono miwili.