Plasta Aliyoibandua Mama Jenifa

Kila msumari uliomo kwenye nyumba ya Epifania nimemuuzia mimi, kwa hiyo msinibishie ninaposema namfahamu. Hapa Bugarama tunamwita Mama Jenifa. Ni mjane, kwao Ushirombo, na kazi yake ni kufuata dagaa Nkome na kuja kuwauza sokoni kwetu. Mwezi wa tano mwaka jana alimsikiliza kontrakta mmoja kwa nusu saa, akamshukuru kwa adabu zote, kisha akaja moja kwa moja dukani kwangu.

"Baba Blessing," akasema, "huyu mtu kazi yake ni kuita mafundi. Mdomo si hata mimi ninao? Nitawaita mwenyewe."

Nilicheka. Nimewaona wengi walioanza hivyo, na leo wana misingi iliyoota majani. Lakini yeye alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Binti yake wa pekee, Jenifa, ameolewa Didia na kijana aitwaye Amosi, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza binti huja kuzalia kwa mama yake, hilo kila mtu analijua. Sasa mama yake Amosi alikuwa ametuma neno. Aliuliza mjukuu wake atapokelewa wapi, kwenye chumba cha kupanga kilichopakana na kilabu cha pombe? Kama mwisho wa Oktoba ungefika hakuna nyumba, Jenifa angezalia Didia.

Mama Jenifa hakujibu lile neno. Alianza kujenga.

Sijui kama mmewahi kusimamia mafundi. Ni watu wa ajabu sana. Kila anayefika, kazi yake ya kwanza ni kumponda aliyemtangulia. Wa kupandisha ukuta alisema msingi umepinda. Wa kupaua alisema ukuta ndio umepinda. Fundi umeme alitazama juu, akatazama chini, akauliza hivi nyumba hii alijenga nani. Mama Jenifa aliwasikiliza wote, kisha akatoa uzi wake wa nyavu aliotoka nao Nkome, amefunga jiwe mwishoni, akauning'iniza ukutani. Palipopinda palibomolewa mbele yake. Safari moja alikwenda kufuata dagaa siku tatu, akarudi akakuta dirisha la jikoni linatazama chooni. Tangu hapo hakusafiri tena. Meza yake sokoni ilikaa tupu miezi miwili, yeye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akihesabu kozi za tofali na kuzimwagilia asubuhi na jioni. Alikonda mpaka mke wangu akawa anampelekea ugali kwa nguvu. Lakini mwezi wa tisa ulipoingia, mabati yalikuwa juu.

Ikabaki plasta. Fundi wake alikuwa Thobias, mtu mpole mwenye mkono mzuri. Mchanga wa mto ulikuwa umeadimika, na Mama Jenifa hakuwa na muda wa kungoja, hivyo akaenda kuchagua mchanga wa marudio. Kwa wasioyajua mambo ya huku, mawe ya wachimbaji wadogo yakishasagwa kwenye karasha huoshwa, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Kinachobaki ni mchanga laini kama unga, unaorundikwa nyuma ya mashine. Hayo ndiyo marudio. Hauna kokoto, hauhitaji kuchekechwa, na ukuta wake unatoka unateleza. Sijui ni nyumba ngapi hapa kwetu zimepigwa mchanga huo. Niliona lori likipita mbele ya duka, nikajua limebeba nini, nisiseme kitu, kwa sababu hakuna anayesemaga. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ukuta ulitoka mzuri. Mama Jenifa alinivuta mkono nikaupapase. "Mchanga nimeuchagua mwenyewe," alisema, akicheka kama msichana. Jenifa akaletwa mwanzoni mwa Oktoba, tumbo liko mbele, akalala kwenye chumba alichoandaliwa.

Siku kama ya kumi, Mama Jenifa anamwagilia kuta ili saruji ikomae, akaona kitobo karibu na fremu ya mlango wa chumba cha binti yake. Ukubwa wake kama kiganja. Akawalaani panya, kisha akamlaani Thobias. Alipogeuka akamwona Jenifa amekaa kitandani, midomo imepauka, anajifuta haraka haraka kwa kanga.

"Jenifa! Umekula ukuta?"

"Ni ile harufu, mayu," binti akamwambia mama yake kwa aibu. "Ukimwaga maji unanukia mvua. Nashindwa kujizuia."

Mama mtu akaangua kicheko. Yeye mwenyewe alipokuwa na mimba ya Jenifa alimaliza nusu ya kichuguu cha jirani. Mwanamke mjamzito kula udongo si habari kwetu, sokoni kuna wanaouza vipande vimepangwa kwenye sinia. Walicheka wote wawili. Na kesho yake, walipokwenda kliniki, Mama Jenifa alimsimulia nesi kama kichekesho.

Nesi yule, anaitwa Violeth, hakucheka. Aliuliza ukuta umepigwa mchanga gani.

"Wa marudio."

Violeth akaweka kalamu chini. Akaeleza polepole kwamba mchanga ule haukuacha zebaki yote kwenye karasha, na kwamba zebaki ikiingia kwa mama inamfikia mtoto tumboni. Alimtoa Jenifa damu ipelekwe hospitali ya rufaa. Mama Jenifa akamshika mkono akamwomba amwambie tu kwamba mtoto yuko salama.

"Siwezi kukuambia nisichokijua, mama," Violeth alisema. "Ninachojua ni kwamba leo asilale mle."

Hakulala mle. Alilala kwetu, mimi na mke wangu. Mama Jenifa alikwenda kumtafuta Thobias, akamkuta anakunywa chai.

"Njoo na nyundo. Tunabandua plasta. Yote."

"Piga rangi ya mafuta, mama, inaziba," Thobias akasema. "Zimebaki wiki mbili. Ukibandua, ule mwisho wa mwezi utakukuta na magofu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mchanga si uliununua wewe?"

"Ndio maana nabandua mimi," akasema, akaondoka.

Nilimfuata, nikamkuta ameshaanza, patasi mkono huu, nyundo mkono huu, kitambaa kibichi puani, ukuta ameulowesha ili vumbi lisiruke. Analia huku anagonga. Nilijiona mtu mdogo sana pale mlangoni. Nilichukua nyundo nyingine. Baada ya muda Thobias naye akaingia, akaanza na chumba cha Jenifa. Tulifanya siku tano. Siku ya nne akaja mnunuzi mmoja wa marudio, akasema kifusi chetu bado kina dhahabu kidogo, kama hatujali atakibeba.

"Kibebe," Mama Jenifa alisema, "na kisirudi."

Tulifagia, tukaosha sakafu mara tatu. Nyumba ikabaki matofali matupu, yamechunika huku na huku, waya za umeme zinaning'inia. Haikutazamika. Na siku mbili kabla ya Oktoba kuisha, mama yake Amosi akashuka kwenye basi na mwanawe kuja kukagua. Nilimnong'oneza Mama Jenifa pembeni kwamba aseme tu saruji imekwisha, plasta bado haijapigwa. Ni uongo mdogo, nani angejua? Alinitazama kama ninayemuuzia nondo zenye kutu.

Wakasalimiana. Mgeni akaingia, akazunguka vyumba vyote, mikono nyuma.

"Mama Jenifa," hatimaye akasema, "plasta iko wapi?"

Akamwambia. Alianza na mchanga, akaja kwenye kitobo, kliniki, zebaki, damu ambayo majibu yake yalikuwa hayajarudi. Hakuruka kitu. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipofika kwenye kile kicheko.

"Fundi wako hakukuonya?"

"Fundi nilimwajiri mimi. Mchanga niliuchagua mimi, tena nilijisifu. Kosa ni langu, mama, sina wa kumsingizia."

Amosi alikuwa amekunja uso. "Mama, tumchukue Jenifa twende naye nyumbani," akasema.

Mama yake alikuwa ameweka kiganja kwenye tofali, anakipitisha taratibu kwenye mikwaruzo ya patasi.

"Nyumbani wapi?" akasema. "Nyumba yangu ilijengwa na kontrakta. Alinikabidhi funguo, nikaingia. Ule mchanga wa ukutani ulitoka wapi, Amosi, wewe unajua?"

Amosi akatikisa kichwa.

"Mimi pia sijui. Sikuuliza hata siku moja." Akamgeukia Mama Jenifa, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Wewe unajua kila kitu kilichobaki kwenye ukuta huu. Mwanangu Jenifa atazalia hapa. Na mimi nitakaa naye, kama una mkeka."

Mama Jenifa alikwenda kutafuta mkeka. Alikawia sana huko ndani, na hakuna aliyemfuata.