Tangi Ambalo Sikuliosha

Kazi yangu ilikuwa kufagia, na sikuwa mfagiaji mbaya. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru niliajiriwa kwenye ofisi moja ya mambo ya samaki pale Homa Bay, hatua chache kutoka ufuoni. Nilipiga deki, nikapangusa madirisha, na kila Ijumaa nikaosha tangi. Lilikuwa tangi la kioo lenye fremu ya chuma, refu kuliko mtu mzima akilala, limewekwa ukumbini ili wageni waone samaki wa ziwa letu bila kulowesha viatu. Ndani mlikuwa na fulu, wale samaki wadogo wenye rangi, pamoja na mimea iliyong'olewa ziwani na kupandwa kwenye changarawe.

Nasema kupandwa, lakini ilikuwa inazikwa. Mkubwa wangu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Samaki, alikuwa ameamuru kwamba kila Ijumaa maji yote yamwagwe, changarawe ichemshwe, mimea ing'olewe na kusuguliwa jani kwa jani kuondoa konokono wa kichocho, kisha nijaze upya ndoo zaidi ya thelathini. Kufikia Jumatano majani yalikuwa na rangi ya chai. Nilipomwambia kwamba hata mahindi ukiyang'oa kila wiki hayawezi kupona, alinijibu bila kuinua macho, "Wewe osha." Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikozaliwa, na pale ofisini wote waliniita Nyar Migori, yaani binti wa Migori. Yeye aliniita Wewe.

Sikuwa na nafasi ya kuichezea kazi ile. Mume wangu alikuwa amefariki, na mashemeji walikuwa wameshakaa kikao kuamua nani atanirithi, mimi na watoto wangu wawili, kama desturi ilivyotaka. Nilikataa. Niliwaambia nitakula jasho langu. Walicheka, wakasema hawana haraka, watangoja. Mshahara ule mdogo ndio ulionisaidia kusema hapana kila mwezi.

Basi siku moja Bwana Samaki akatangaza kwamba mkaguzi atakuja kutoka Nairobi baada ya miezi mitatu. Kama mimea itakuwa bado inaoza, tangi litaondolewa, na mimi niondoke nalo. Aliyasema hayo kama mtu anayeagiza chai.

Hapo kichwa changu kigumu kikaamka. Niliamua kuilisha ile mimea, na nikafanya kosa ambalo ni mwanamke wa huku kwetu tu angelifanya. Sisi sakafu zetu tunazisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, zikikauka zinakuwa safi na nyororo, na mavi hayohayo yanastawisha mboga nyuma ya nyumba. Nikaona kinachofaa nyumba na shamba kitafaa tangi pia. Nikasiriba chini yote, nikafunika kwa changarawe. Siku ya tatu maji yalikuwa kama uji wa wimbi, na fulu wote wanaelea matumbo juu. Karani wetu, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliniuliza nimefuga ng'ombe wangapi humo ndani. Nililia, sifichi, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni. Bwana Samaki akasema kosa jingine moja tu na nifunge virago.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Migori kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye alikuwa mfinyanzi. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, mavi ya sakafuni yanakaushwa na upepo," alisema. "Humo ndani ya maji yatakaushwa na nini?"

Alinipeleka kwenye shimo alimoloweka udongo wake wa vyungu. Ulikuwa umelala na maji msimu mzima. Akachota kiganja, akanipa ninuse. Haukunuka kitu.

"Huu umeshamaliza ugomvi wake," akasema. "Tandaza huu, funika kwa mchanga, halafu utoe mikono yako humo."

Nikarudi Homa Bay na gunia zima. Niliutandaza unene wa vidole viwili, juu yake nikaweka mchanga wa mto. Nikapanda majani membamba marefu kama utepe, niliyoyatoa penye maji ya kina kifupi na kuyakagua mara moja hiyo tu, hadi konokono na mayai yao wakaisha. Nilimimina maji polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke, na kwa wiki tatu sikutia samaki hata mmoja. Bwana Samaki alikuwa safarini, Rusinga na visiwa vingine. Ijumaa ikafika, nikapita mbele ya tangi na ndoo yangu, nikaenda kuosha madirisha. Ijumaa iliyofuata, vilevile. Mwanamke aliyefunzwa tangu utotoni kusugua chungu hadi king'ae, kuliacha tangi namna ile kuliniwasha mikono.

Bwana Samaki aliporudi, majani niliyoyapanda yalikuwa yameyeyuka karibu yote, ikabaki mizizi mchangani, na kioo kilikuwa na utando wa kijani.

"Osha hii takataka."

"Sioshi," nikasema.

Karani akaacha kupiga taipu. Nikaigeuza ndoo kifudifudi mbele ya tangi, nikaikalia.

"Mzee, nikiosha, mimea itakufa, na utanifukuza. Nisipoosha utanifukuza. Basi nifukuze mimea ikiwa hai."

Akasema mkaguzi akija nitajibu mwenyewe. Akaingia ofisini kwake akafunga mlango.

Baada ya siku tisa niliona kichipukizi cha kijani mchangani, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kisha kingine. Mizizi ilianza kutambaa, kila hatua ikizaa mche, na majani yakapanda hadi juu ya maji yakajilaza. Nikatia fulu. Safari hii hakufa hata mmoja.

Mkaguzi alipokuja alisimama mbele ya tangi muda mrefu kuliko alivyosimama kwingine kote. Akauliza linatunzwa vipi. Bwana Samaki akajibu haraka, "Tunabadilisha maji yote kila Ijumaa."

"Si kweli," nikasema kutoka nyuma, na fagio mkononi. "Halijamwagwa kwa miezi miwili."

Mkaguzi akageuka. "Na wewe kazi yako ni nini?"

"Kuliosha."

"Nani alikwambia usilioshe?"

"Nilijiambia mwenyewe."

Mkaguzi aliandika kitu, akaenda zake, na usiku huo niliwaambia watoto kwamba huenda tukahama.

Jumatatu nilifika mapema. Nilimkuta Bwana Samaki amepiga magoti mbele ya tangi, kofia iko sakafuni, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye jani moja lililogeuka manjano.

"Nyar Migori," akasema. "Hili nilitoe?"

"Liache," nikamwambia.

Akaliacha.