Kidole cha Pete cha Mwalimu Dalmas

Mwaka 1989 Dalmas Oduor alikuwa akifundisha shule ya msingi Nyalenda na kupanga chumba kimoja Migosi. Kabla ya ualimu alikuwa amepiga gitaa miaka sita katika bendi ya benga pale Kondele, na kazi yote hiyo aliifanya kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Hakuna aliyemlaumu. Watu walicheza mpaka viatu vikawatoka.

Kisha padri mmoja aliyehamishwa akamwachia gitaa la nyuzi za nailoni pamoja na karatasi za muziki. Wimbo mmoja ulitaka tremolo: gumba lipige uzi mzito mara moja, halafu kidole cha pete, cha kati na cha shahada vifuatane upesi juu ya uzi mmoja mwembamba, mpaka msikilizaji asisikie vidole tena, asikie sauti moja tu inayotetemeka bila kukatika. Dalmas alijaribu miezi minane. Ilichechemea tu.

Hata hivyo Beldina, kiongozi wa kwaya ya kanisa, alikwisha kuliandika jina la Dalmas kwenye tamasha la Pasaka. Zilibaki wiki sita.

Mwenye nyumba, Mzee Wakhisi, alifanya zamu ya usiku reli na kulala alasiri, saa zile zile Dalmas alizofanyia mazoezi. Siku moja akaja na shuka mabegani.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu, lakini hiyo kitu itaniua. Nyamaza, ama utafute nyumba ingine."

Dalmas akachomeka soksi chini ya nyuzi. Sasa muziki ulipotea, ukabaki mlio mkavu tu: ko, ko, ko, ko. Mzee akalala.

Lakini Jumamosi ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa Jentrix wa chumba cha pili, mpiga taipu katika ofisi ya wakili. Kuta za nyumba zile hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo hata kikohozi kilivuka. Dalmas akaona ndiyo basi, anafukuzwa.

"Samahani dada, naacha sasa hivi."

"Sijakuja kugombana," Jentrix akasema. "Ni masikio yangu yamechoka kuvumilia. Unagonga mara nne, siyo? Ya pili inachelewa kila mara, halafu ya tatu inaikanyaga. Hicho ni kidole gani?"

Dalmas akautazama mkono wake, akahesabu kuanzia gumba.

"Cha pete."

"Basi ndicho. Mimi kwa taipu kilikuwa kidole cha mwisho. Mwalimu wetu alinikataza haraka wiki nzima. Nilipiga polepole mpaka nikaona aibu, na hicho kivivu nikakipa nguvu kuliko wenzake."

Jentrix alipoondoka, Dalmas akaketi kitandani akacheka peke yake. Miezi yote ile aliamini kwamba benga ilikwisha kuuharibu mkono wake, na kwamba mtu wa miaka thelathini na minne amechelewa. Kumbe ni kidole kimoja tu ambacho hakijapata nguvu!

Akaanza upya, polepole, kila mara akikikazia kile cha pete. Jioni, Mzee akishakwenda zamu, Jentrix alikuwa akipiga pasi upande wa pili na kupaza sauti juu ya ukuta: "Bado! Kimechelewa tena!" Alhamisi moja akanyamaza kabisa. Dalmas akaingiwa na wasiwasi.

"Jentrix, uko?"

"Niko. Sikuwa na la kusema."

Siku ya Pasaka ukumbi wa kanisa ulijaa. Katika ukurasa wa pili gumba liligusa uzi usio wake, lakini vile vidole vitatu havikusimama kulingoja. Viliendelea hadi mwisho.

Alitoka nje akaketi kwenye ngazi, shati limemganda mwilini, akavuta pumzi iliyofika tumboni. Beldina akamfuata na soda.

"Mwalimu, utatupigia tena Pentekoste?"

Dalmas akakubali kabla hata ya kuuliza ni tarehe gani.